Dagaa wa chanja, dagaa wa mchangani: neno la mwaloni linavyopimwa kisayansi

Ukikaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ukasikiliza watu wanavyobishana bei, hutakawia kulisikia neno hili: dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya jukwaa la miti na nyavu, hukauka upesi kuliko dagaa wa mchangani. Linasemwa kama sheria, na wanaolisema wamekula chumvi nyingi kwenye biashara hiyo. Lakini hebu uliza wanapishana kwa saa ngapi. Mmoja atakwambia saa mbili, mwingine nusu siku. Wa tatu atabisha kabisa kwamba mchanga ukishashika moto mchana hakuna chanja inayoufikia. Wote watatu wana uzoefu, na uzoefu peke yake hauna namna ya kuamua kati yao. Hapo ndipo sayansi inapopata kazi ya kufanya.

Shuleni njia ya kisayansi hufundishwa kama ngazi: tazama, uliza, kisia, jaribu, hitimisha. Si uongo. Ila mwanafunzi anayejua jibu la kitabuni, kisha akarekebisha vipimo vyake mpaka vifanane nalo, ameipanda ngazi yote bila kufanya sayansi hata kidogo, na mara nyingi ndiye anayepewa alama nyingi. (Wasahihishaji, hili mnalijua.) Kwa maoni yangu shughuli nzima inasimama juu ya jambo moja: kabla hujaona matokeo, uwe umeshasema ni matokeo gani yatakayoonyesha kwamba umekosea. Mengine yote, mizani, majedwali, makoti meupe, yapo ili kulitumikia hilo.

Sasa tulichukue neno la mwaloni. Kama lilivyo, halipimiki, kwa sababu hatujakubaliana dagaa “amekauka” ni yupi. Wengi hushika wachache mkononi, wakivunjika kwa mlio wanasema tayari. Mikono haifanani. Mizani inafanana zaidi. Dagaa mbichi ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo katika kilo 1 kuna gramu 750 hivi za maji na gramu 250 za vitu vingine vyote: nyama, mifupa, mafuta. Tukikubaliana kwamba dagaa mkavu ni yule aliyebaki na maji asilimia 12, tunagawa 250 kwa 0.88 na kupata gramu 284. Basi “amekauka” sasa ina maana moja kwa kila mtu: fungu lililoanza na kilo 1 limeshuka mpaka gramu 284.

Kisio nalo liandikwe kwenye daftari kabla ya kuanika, kwa kalamu ya wino: chanja itatangulia kwa wastani wa saa 2 au zaidi, ikitangulia kwa chini ya hapo, au mchanga ukitangulia, kisio limeanguka. Kwa nini saa 2? Kwa sababu chanja inagharimu miti, misumari na nyavu, na mchanga ni wa bure. Tofauti ya dakika 20 haitamfanya mtu atoe pesa mfukoni. Kiwango cha kushinda kinachaguliwa kwa kuangalia kinachojali kwenye shughuli yenyewe, na kinachaguliwa mapema, maana ukishaona matokeo utakuta kila kiwango kinachokupendeza kina sababu nzuri.

Nunua ndoo moja ya dagaa wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja. Wachanganye vizuri kwenye beseni kubwa, kwa sababu wa chini ya ndoo wamepondeka na wamelowa zaidi ya wa juu. Pima mafungu 8 ya kilo 1 kila moja. Halafu usichague kwa mkono lipi liende chanjani na lipi mchangani. Andika namba 1 hadi 8 kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia, vinne vya kwanza kutoka ni vya chanja. Mkono wa mtu anayeipenda chanja utaipelekea dagaa wazuri bila yeye kukusudia wala kujijua. Kura haina upande.

Kila fungu litandazwe kwenye mraba wa sentimita 70 kwa 70, tabaka moja, dagaa wasipandane. Kwa dagaa wa kawaida kilo moja inaenea hapo vizuri. Chanja iwe na kimo cha mita 1 hivi, na miraba ipishane: chanja, mchanga, chanja, mchanga, kwa mstari mmoja sambamba na ufuko. Ukiziweka chanja zote upande wa ziwani na mchanga wote nyuma ya ukuta wa kibanda, jioni utakuwa umepima upepo na kuuita chanja. Makosa ya aina hii ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu tarakimu zinatoka safi kabisa, hakuna kinachokushtua.

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja inatosha. Ikinge na upepo, irudishe kwenye sifuri kila mara, na uwe na kitu kisichobadilika uzito, kama pakiti ya chumvi isiyofunguliwa, cha kupima asubuhi, mchana na jioni. Pakiti ikibadilika, ujue ni mizani inayohama. Anza saa 2 asubuhi, pima kila baada ya saa moja mpaka saa 12 jioni. Ikiwa kazi itaingia siku ya pili, mafungu yote yalale ndani chini ya paa moja, yasinywe umande wa usiku.

Kisha kuna mchanga wenyewe, ambao ndio unaoharibu majaribio mengi ya namna hii. Dagaa mbichi anashika mchanga. Tuseme fungu moja limeshika gramu 30: siku litakapokuwa limekauka kabisa mizani itasoma 314 badala ya 284, nawe utaandika “bado”. Chanja imeshinda, na aliyeipa ushindi ni mizani. Njia rahisi ni kutandika wavu juu ya mchanga kwanza, lakini hapo utakuwa umejibu swali jingine, kwa kuwa dagaa wanaozungumziwa mwaloni hawatandikiwi wavu. Ningefanya hivi: waache walale mchangani kama kawaida, na mwishoni fungu zima lioshwe kwenye beseni la maji, mchanga utuame, maji yamwagwe taratibu, mchanga ukaushwe na kupimwa. Uzito huo uondolewe kwenye vipimo vyote vya fungu hilo. Hapo tunadhani kwamba mchanga mwingi ulishikwa mwanzoni, dagaa walipokuwa bado wana ute. Dhana hiyo nayo iandikwe. Msomaji akiikataa, atajua pa kushika.

Tena kuna kuokota. Dagaa wa mchangani huwezi kuwapima bila kuwakusanya, na ukiwakusanya na kuwatandaza upya umewageuza. Wa chanja ukiwainua na wavu wao hawakugeuka. Basi wote wakusanywe kwenye bakuli, wote watandazwe upya. Kunguru, mwewe na kuku wa jirani hawahitaji maelezo. Wavu wa kufunika uwe juu ya mafungu yote manane, na fungu likidonolewa liandikwe kwamba limedonolewa. Usilifute. Ingefaa pia anayesoma mizani asijue fungu limetoka wapi, ili macho yake yasimsaidie rafiki. Hapa lakini ujanja unakwama: mchanga anauona. Si kila mlango unafungika, na huo usiofungika unatajwa kwenye ripoti.

Haya, matokeo. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Mafungu ya chanja yalifika gramu 284 baada ya saa 7, 8, 7 na 9. Ya mchangani baada ya saa 9, 8, 11 na 10. Wastani wa chanja ni saa 7.75, wa mchanga 9.5, tofauti 1.75. Chanja imetangulia. Kisio limeanguka, kwa kuwa tuliandika saa 2. Kishawishi cha kuandika “takriban saa 2” kitakuwa kikubwa, na daftari la wino ndilo dawa yake. Kinachoandikwa ni kwamba chanja ilitangulia kwa saa 1 na dakika 45, chini ya tulivyotarajia. Habari hiyo ina manufaa kwa anayepiga hesabu ya nyavu na misumari.

Tazama pia fungu la mchangani lililokauka kwa saa 8 na la chanja lililochukua 9. Kama ungeanika fungu moja kila upande na ukaangukia hayo mawili, ungetangaza kinyume. Ndiyo maana ya mafungu manne. Na bado mafungu manne ya siku moja yote yameota jua moja na upepo mmoja. Kwa hali ya hewa hayo ni jaribio moja, hata ukianika mafungu arobaini. Rudia siku nyingine. Rudia wakati wa masika, kunapokuwa na mawingu na ardhi haipati moto, halafu ndiyo uanze kusema “kwa kawaida”.

Dagaa wana unafuu mmoja: wanagawika. Kuna maswali ambayo ziwa limeshagawa lenyewe, bila kura, na mtafiti anakuta mgawanyo umekamilika. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka hapa hapa Ghuba ya Mwanza, na unahusu samaki waitwao furu.

Furu walilijaza Ziwa Victoria kwa mamia ya spishi kabla ya sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, hajaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980. Miongoni mwa furu wa kwenye miamba kuna wawili wanaokaribiana sana. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume wake ana mgongo mwekundu. Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa bluu iliyoelekea kijivu. Majike wao wamefifia rangi na kuwatofautisha ni kazi. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe wanaishi jirani bila kuchanganyika. Kwenye maji ya ukungu ya kisiwa cha Luanso, ndani kabisa ya ghuba, huwakuti wawili. Kuna jamii moja, na rangi za madume zinaangukia katikati.

Mtu wa haraka angeishia hapo: ukungu wa maji umewachanganya. Lakini Makobe na Luanso havipishani kwa ukungu tu. Vinapishana kwa kina, kwa mawimbi, kwa chakula kilichopo kwenye miamba. Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa sababu, na kuvitazama visiwa hivyo miaka mia hakutatenganisha. Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walipochapisha kazi yao mwaka 1997, nguvu yake ilikuwa kwenye jaribio la matangi. Samaki waliwekwa mahali ambapo kitu kimoja tu kilibadilishwa: taa. Chini ya mwanga mweupe jike alimwendea dume wa spishi yake. Chini ya mwanga wa chungwa, ambao unafanya wekundu na bluu visionekane tofauti, majike waliacha kuchagua. Na wazo lao lilikuwa na mahali pa kuangukia. Kama majike wangeendelea kuchagua vilevile gizani mwa rangi, ingebidi kusema wanatambuana kwa harufu au kwa mwendo, na hoja ya ukungu ingekufa siku hiyo.

Tangi si ziwa, bila shaka. Ndiyo maana matokeo ya tangi na ya visiwani yanahitajiana: tangi linaonyesha kwamba mwanga unaweza kufanya hivyo, visiwa vinaonyesha kwamba jambo lenyewe linafuata mwanga huko nje. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walirudi na vipimo vya visiwa kadhaa, vya mwanga unavyobadilika kadiri unavyoshuka majini, vya rangi za samaki na vya macho yao.

Uangavu wa maji, kwa njia, hupimwa kwa kifaa ambacho fundi yeyote wa Igoma anaweza kukutengenezea: kisahani cha Secchi. Duara la sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe, uzito chini yake, kamba yenye alama kila sentimita 10. Mfuniko wa ndoo na rangi ya kopo vinatosha. Kishushe upande wa mtumbwi wenye kivuli, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, bila miwani ya jua. Soma kamba kinapopotea, kipandishe, soma tena kinapoonekana, chukua wastani. Angelo Secchi, padri wa Kiitalia aliyekuwa pia mwanaastronomia, alikijaribu baharini mwaka 1865. Kamba isiwe ya katani inayobadilika urefu ikilowa, la sivyo mita yako ya leo si mita yako ya mwezi ujao. Na kwa kuwa wapimaji wengi wa maziwa wanatumia kisahani cha namna moja, kipimo chako kinaweza kukaa jedwali moja na cha mtu aliyepima kabla hujazaliwa.

Kwa binadamu mambo yanakuwa magumu zaidi, na Mwanza ina historia nzito hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 swali lilikuwa hili: magonjwa ya ngono yakitibiwa vizuri kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida, maambukizi ya VVU yatapungua? Kugawa mtu mmoja mmoja kusingefaa, maana tiba ya jirani yako inakugusa. Kwa hiyo zilichukuliwa jamii nzima 12, zikapangwa jozi 6 zinazofanana, visiwa na visiwa, barabarani na barabarani, na katika kila jozi kura ikaamua ipi ianze kupata huduma iliyoboreshwa. Watu wazima 12,537 waliandikishwa. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa walikuwa asilimia 1.2 upande wa huduma na 1.9 upande wa kulinganishia. Baada ya kusawazisha tofauti nyingine, punguzo lilikadiriwa kuwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitoka mwaka 1995.

Asilimia hizo ni ndogo, na mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama si bahati. Kinachonishawishi mimi ni jozi. Katika jozi zote 6, upande wa huduma ulikuwa na maambukizi machache. Ukirusha shilingi mara sita, kupata kichwa mara zote ni nafasi 1 kati ya 64. Ukihesabu na mwenge, upande wa pili, mara zote sita, ni 1 kati ya 32. Haiondoi bahati kabisa, lakini inaibana. Palipo dhaifu ni kwingine: walioonekana tena baada ya miaka miwili ni 8,845, asilimia 71. Waliohama na waliokufa hawakupimwa, na wahamaji si lazima wafanane na waliobaki.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, yakaja matokeo ya Rakai, ng’ambo ya ziwa, Uganda. Jamii 10, kura, dawa za magonjwa ya ngono kwa watu wote nyumbani kila baada ya miezi 10. Maambukizi ya VVU: 1.5 kwa kila miaka-mtu 100 (ni kama watu 100 kufuatiliwa mwaka mmoja), pande zote mbili sawa. Hakuna tofauti.

Wasioijua sayansi husema hapa kwamba wataalamu wanajipinga, basi tuamini nini. Wenye kazi yao walirudi kusoma majaribio mawili mstari kwa mstari, wakaona hayakuwa jaribio moja. Mwanza, mwenye dalili alitibiwa siku anayougua, mwaka mzima. Rakai, wote walipewa dawa kwa awamu, na kati ya awamu mtu aliweza kuambukizwa tena. Mwanza, waliokuwa na VVU mwanzoni walikuwa karibu asilimia 4. Rakai karibu 16, na virusi vilivyokwishaenea hivyo havitegemei sana vidonda vya magonjwa ya ngono ili vipite. Tena kulikuwa na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo dawa za bakteria haziyagusi.

Maelezo hayo yalipendeza, kwa hiyo nayo yakajaribiwa. Wanawake 821 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wasio na VVU lakini wenye virusi vya malengelenge, waligawanywa kwa kura: wengine wakameza asikloviri kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa vilivyofanana nayo. Matokeo ya mwaka 2008: walioambukizwa VVU ni 27 upande wa dawa, 28 upande wa vidonge bandia. Uhusiano kati ya malengelenge na VVU ulikuwa umeonekana kwenye tafiti nyingi za kutazama. Kukandamiza moja kwa dozi ile hakukuzuia jingine.

Jaribio jingine la Mwanza lilianza kwa kitu kilichoonekana mbali sana na hapa. Huko Costa Rica, baadhi ya wanawake waliokosa baadhi ya dozi za chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, walionekana kukingwa kama waliomaliza. Lakini aliyekosa dozi hakukosa kwa kura. Huenda maisha yake yalikuwa tofauti kwa namna iliyomkinga. Mwaka 2017 wasichana 930 wa Mwanza wa miaka 9 hadi 14 walianza kuandikishwa na kupangwa kwa kura kupata dozi moja, mbili au tatu. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miongo kujitokeza, hivyo kilichopimwa ni kingamwili kwenye damu. Kwa dozi moja zilikuwa chache kuliko kwa mbili au tatu, ila karibu wasichana wote walikuwa nazo baada ya miaka miwili, na kiwango hakikuporomoka. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja.